Uliza Ujibiwe: Bima ya serikali ikikata malipo ya daktari, mgonjwa anaguswa wapi?

Barua za mwezi huu nyingi zimezunguka jambo moja, bima ya serikali ikipunguza hela inayomlipa daktari kwa kila huduma, nini kinatokea huku chini. Nimechagua tano, nimezifupisha, majina nimeyatoa.

SWALI: Ndugu mwandishi, 2025 bima ya wazee kule Marekani, hiyo Medicare, ilikata malipo ya madaktari kwa asilimia 2.83 na chama chao kikalia kama dunia inaisha. Asilimia tatu kasoro jamani! Watu wenye magari mazuri wanalia nini?

JIBU: Magari tuyaache kwanza, tupige hesabu. Tuseme kliniki inaingiza 100. Kwenye hiyo 100, 60 inaenda kwa nesi, karani, kodi ya jengo, umeme, glavu, programu ya kompyuta na kadhalika, 40 ndo inabaki ya daktari mwenyewe. Sasa bima ikikata 10, mwenye jengo hapunguzi kodi, umeme haupungui, nesi mshahara wake huugusi labda uwe unataka abebe mkoba aondoke. Kwa hiyo ile 10 yote inatoka kwenye 40, anabaki na 30, yaani kapoteza robo ya kipato wakati gazeti limeandika asilimia kumi tu.

Asilimia 2.83 ya mwaka mmoja peke yake haiui mtu, hapo nakubaliana na wewe kabisa. Shida ni kwamba haiko peke yake. Medicare inalipa kwa pointi, kila huduma ina pointi zake halafu zinazidishwa na kiwango cha dola kinachotangazwa kila mwaka. 2001 kiwango kilikuwa dola 38.26. 2025 kikawa dola 32.35. Na hapo hata mfumuko wa bei hatujauweka! 2026 kimepandishwa kidogo ila bado hakijafika kilipokuwa miaka 25 iliyopita. Halafu kuna sheria kwamba ukiongezea huduma hizi lazima upunguze kwingine ili jumla isivuke, ndo maana 2021 walipoongeza malipo ya kumwona daktari wa kawaida, wapasuaji na wa radiolojia (wanaosoma picha za vipimo) wakalia. Madaktari wanagombania sahani moja, wenyewe kwa wenyewe.

SWALI: Mama yangu ana kadi ya bima ya serikali. Hakuna daktari aliyewahi kumwambia "sikupokei", ila kila tukipiga simu tunaambiwa nafasi iko miezi miwili mbele. Jirani yetu ana bima binafsi, kapiga simu hospitali hiyohiyo kapata wiki hiyohiyo. Ni bahati mbaya au ndo malipo hayo?

JIBU: Pole sana dada, na mama mpe pole. Siwezi kusema kuhusu hospitali yenu kwa sababu sijaona daftari lao, ila ulichokieleza ndo hasa kinavyotokeaga. Watu wanategemea kuona tangazo mlangoni kwamba kadi hii haipokelewi. Mara nyingi tangazo halipo, mkato unaingia kwenye daftari la miadi. Karani anaambiwa wagonjwa wa kadi fulani wawekwe Jumanne na Alhamisi asubuhi tu, wapya wasizidi idadi fulani, basi foleni inajijenga yenyewe na hakuna aliyekataliwa. Ukiuliza unaambiwa daktari kabanwa. Na kweli kabanwa, ila kuna watu anabanwa kwao kuliko wengine.

Kuna jaribio zuri lililofanyika Marekani kwenye majimbo 10. Wana bima nyingine ya serikali inaitwa Medicaid, ya watu wa kipato cha chini, ambayo kihistoria inalipa kidogo hata kuliko Medicare. Mwaka 2013 na 2014 serikali kuu ikapandisha malipo ya madaktari wa huduma za msingi wa Medicaid yakawa sawa na ya Medicare. Watafiti wakatuma watu wapige simu kliniki wajifanye wagonjwa wapya, mmoja anasema ana Medicaid mwingine anasema ana bima binafsi, wanaangalia nani anapewa nafasi. Kabla ya nyongeza, wa Medicaid walikuwa wanapata miadi kwenye asilimia 58.7 ya simu. Baada ya nyongeza, asilimia 66.4. Kikubwa kilichobadilika hapo katikati ni hela. Kwa wenye bima binafsi hakikubadilika kitu cha maana. Ukiligeuza jaribio hilo ndo unapata mkato: punguza hela, na ile asilimia inateremka taratibu bila mtu yeyote kusema "hapana".

Sehemu ya pili mkato unapoingia ni dakika za kuonwa. Japani malipo yamepangwa na serikali nchi nzima, bei ni ndogo na kila mtu ana bima, kwa hiyo huko hakuna wa kukukimbia kwenda kwa mwenye kadi nono zaidi. Mlango uko wazi. Ila Wajapani wenyewe wana msemo kwamba unasubiri masaa matatu uonwe dakika tatu, kwa sababu daktari anafidia bei ndogo kwa wingi wa vichwa. Kwa mgonjwa wa mafua dakika tatu zinatosha sana. Kwa mama mwenye presha, sukari na magoti yanayouma, dakika tatu anaongelea ugonjwa mmoja, mingine arudi siku nyingine, na kurudi nako ni foleni.

Kwa mama mfanyie hivi: ukipiga simu usiulize tu "nafasi ipo lini", omba awekwe kwenye orodha ya wanaoitwa mtu akighairi, na mwombe daktari wake wa kawaida aandike kwenye rufaa kwamba ni ya haraka na kwa nini. Rufaa yenye sababu inamtoa karani kwenye zile kanuni zake za Jumanne na Alhamisi.

SWALI: Mimi ni daktari, nina kliniki yangu ndogo, zaidi ya nusu ya wagonjwa ni wa bima ya serikali. Nifunge dirisha la bima?

JIBU: Dokta, kabla hujafunga kaa na mtu wako wa klemu, anayejaza fomu za kuidai bima malipo, siku nzima. Nilifanya kazi ya klemu zamani kidogo na nakuambia bei iliyoandikwa kwenye kitita, yaani orodha ya huduma na bei za bima, sio hela unayopata. Fomu inarudi kwa sababu dawa hailingani na namba ya ugonjwa, mgonjwa ana presha na sukari, aliyejaza kaweka namba ya presha peke yake halafu kaandika metformin, dawa ya sukari, basi mstari wa metformin unakatwa kalamu nyekundu na dawa mgonjwa kashaimeza. Nyingine inarudi kwa sababu sahihi haipo. Ukizijumlisha unakuta unajikata mwenyewe kuliko serikali ilivyokukata, na hiyo unaweza kuirekebisha bila kumfukuza mtu.

Kama fomu ziko safi na bado ni hasara, basi angalia wenzako. Kwenye Medicare, pamoja na kelele zote, waliojitoa kabisa ni kama asilimia 1 tu, kwa sababu wazee ni wengi na ndo wanaougua. Wengine wanafanya vitu vya katikati: wanaendelea na wagonjwa wa zamani ila hawachukui wapya, au wanauza kliniki kwa hospitali kubwa. Hilo la kuuza lina kichekesho chake, kwa sababu Medicare hiyohiyo huduma nyingi inazilipa zaidi zikifanyika chini ya jina la hospitali kuliko kwenye kliniki ya daktari, kwa hiyo serikali inabana kliniki ndogo halafu inakuja kulipa zaidi kwa mgonjwa yuleyule. Kama unafunga kweli, wape taarifa mapema na faili zao mkononi.

SWALI: Kwa hiyo mnataka bima isipunguze chochote milele? Hela zenyewe ni za walipakodi!

JIBU: Hapana, kuna bei zinazostahili kukatwa. Japani 2002 walipunguza malipo ya MRI (kipimo cha picha) ya kichwa kwa karibu theluthi moja na vipimo havikuadimika, mpaka leo ni kati ya nchi zenye mashine nyingi sana kwa idadi ya watu. Ukikata pale palipokuwa na faida nono, mgonjwa hata hajui.

Ila usidhani mkato kila mara unapunguza matumizi. 2005 Medicare ilipunguza sana faida waliyokuwa wanapata madaktari wa saratani kwenye dawa za kudungwa. Watafiti walipofuatilia wagonjwa wa saratani ya mapafu wakakuta waliopewa kemotherapi waliongezeka badala ya kupungua, na madaktari wakahama dawa ambayo faida yake imekatwa sana wakaenda kwenye ya bei kubwa. Mimi anayekata asilimia ileile kwa kila huduma simwamini, naona hajafungua kitabu.

SWALI: Daktari anasema bima inalipa kidogo kwa hiyo niongezee juu. Anaruhusiwa?

JIBU: Inategemea alichosaini na bima. Kwenye Medicare, daktari aliyekubali bei yao hawezi kukudai zaidi ya ile sehemu yako ya kuchangia, na yule ambaye hajakubali bei hiyo ila bado yumo kwenye Medicare anaruhusiwa kuzidisha mpaka asilimia 15, basi. Mifumo mingi ya serikali ina kifungu cha namna hiyo. Omba risiti inayotaja huduma na kiasi, usilipe ya mdomo, halafu piga namba ya nyuma ya kadi uulize kabla hujatoa hela. Akigoma kuandika risiti jibu umeshalipata.