Mguu Ulikufa Ganzi, Kumbe Kosa Lilikuwa Mgongoni

Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiuchua mguu wangu wa kulia kila usiku. Ganzi ilianzia kwenye kidole gumba, ikatambaa hadi juu ya unyayo, kisha mguu wenyewe ukaanza kulegea. Nikivaa ndala, ya kulia ilikuwa ikinivuka njiani na mimi sina habari. Nilipaka kila dawa ya kuchua niliyoelekezwa, nikabadilisha viatu, nikalala na soksi nzito. Kumbe mguu haukuwa na kosa lolote.

Daktari aliyenipokea hakuushughulikia sana huo mguu. Aliniambia nitembee kwa visigino. Cha kushoto kilikubali, cha kulia kikagoma. Vidole havikunyanyuka, unyayo ukawa unapiga sakafu pwa, pwa. Akanilaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka, na kabla haujafika mbali maumivu kama ya shoti ya umeme yakapita kutoka kwenye tako hadi kwenye kifundo. Akagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Kisha akasema, “Tatizo liko kiunoni. Mguu unakuletea habari tu.” Kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kikathibitisha: diski ya chini mgongoni, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, ilikuwa imechomoza na kuubana mzizi wa neva, mshipa wa fahamu.

Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wanatibu pale panapouma, na miezi inapita.

Tunaposema uti wa mgongo mara nyingi tunamaanisha mifupa, zile pingili. Ndani ya pingili hizo ndimo unamopita ugwe mgongo, kamba laini yenye unene kama wa kidole kidogo na urefu wa sentimita 45 hivi kwa mtu mzima. Haufiki chini kabisa. Unaishia karibu na kiuno, na kutoka hapo mizizi ya neva inateremka kama nywele za mkia wa farasi. Kwa jumla jozi 31 za neva hutoka kwenye ugwe huo, kila moja na eneo lake la mwili. Mzizi wangu uliobanwa ndio unaohudumia kidole gumba na juu ya unyayo, kwa hiyo ubongo ulipopokea ujumbe kupitia njia hiyo ulihesabu kwamba umetoka mguuni. Haukuwa na namna ya kujua kwamba ujumbe umeanzia katikati ya njia. Mtu aliyekatwa mguu naye anaweza kuhisi maumivu kwenye vidole ambavyo havipo tena.

Ile nyundo ya goti nayo ina maana. Ukigongwa pale, ujumbe unakwenda kwenye ugwe mgongo na amri inarudi hapohapo, mguu unaruka bila kuusubiri ubongo. Ni njia hiyohiyo ya mkato inayokufanya uuondoe mkono kwenye sufuria ya moto kabla hujasikia maumivu. Daktari akiona goti halijibu, au linajibu kwa nguvu kupita kiasi, anapata fununu hitilafu iko wapi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda hospitali, pitisha kidole chako pale ganzi inapopita, umwonyeshe daktari ramani yake. Ganzi ya ukanda mmoja wa mguu au mkono mara nyingi ni mzizi mmoja wa neva. Miguu yote miwili ikilegea, fikiria ugwe wenyewe. Na ukiona upande mmoja mzima umepooza ghafla, mdomo umeenda upande au maneno hayatoki sawasawa, huo ni ubongo: upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na kinyume chake. Kiharusi hakisubiri asubuhi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, hivyo shika saa uliyomwona mgonjwa mara ya mwisho akiwa mzima. Utaulizwa.

Kwa wenye maumivu ya mgongo, kuna dalili ambazo nakusihi usizionee aibu: ganzi katikati ya mapaja na sehemu unayokalia, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe. Nenda siku hiyohiyo. Mizizi ile ya chini ikibanwa muda mrefu inaweza isirudi tena. Wala usikubali mtu akukanyage mgongo ili “aurudishe”.

Na aliyeanguka kutoka juu au kupata ajali, usimvute wala kumkalisha. Tuliza kichwa na shingo pale alipo, ita msaada wa wataalamu. Neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia, msuli ulio chini ya mapafu, zinatokea shingoni.

Mimi sikupasuliwa, wengi wenye diski kama yangu hupona bila kisu. Nilipewa mazoezi, nikakatazwa kuinama kwa kiuno ninapobeba mzigo, nikaambiwa nivumilie. Wiki ya saba nikiwa natembea kwa visigino kando ya ukuta, kidole gumba cha kulia kilinyanyuka, kidogo tu, kikitetemeka. Nilisimama pale nikikitazama, nikakinyanyua tena.