Barua kwa mwanangu, kuhusu ile figo uliyoniuliza

Mwanangu, umeuliza kama mimi ningekubali kuwekewa mwilini ile figo ya kutengenezwa yenye seli hai za mtu mwingine. Habari uliyonitumia ya mtafiti Shuvo Roy na wenzake kule San Francisco nimeisoma usiku, asubuhi nikairudia. Kumbe mwaka 2023 walishatoa matokeo, seli za figo ya binadamu wameziweka ndani ya nguruwe zikakaa hai siku 7 bila dawa za kushusha kinga, kwa sababu zimekingwa na utando wa silikoni wenye vitundu vidogo mno, chakula kinapita ila seli za kinga hazipiti.

Mimi siku zote nawaambia, figo sio chujio. Inachuja kama lita 180 kwa siku na mkojo unatoka lita moja na nusu au mbili, sasa hayo mengine nani anayarudisha kwenye damu? Seli ndo zinachagua, sukari rudi, chumvi rudi kidogo, wewe toka. Mashine ya dialisisi inasafisha damu ya mwenye figo zilizoshindwa, haijui kuchagua hivyo.

Mjomba wako unamkumbuka, mara tatu kwa wiki, masaa manne manne kwenye mashine. Ile Ramadhani ya mwisho tunafuturu barazani kwa bibi yako akaniomba dafu. Na mimi nimeshaambiwa na nesi dafu lina potasiamu nyingi, ikipanda kabla hajarudi kwenye mashine moyo unaweza kusimama. Nikamnyima. Tena nikamfokea mbele ya watoto, eti unataka kututwisha mzigo mwingine. Akanyamaza, akageukia ukutani. Siku ya tisa tukamzika. Kumnyima nilikuwa sahihi, hata daktari atakwambia. Funda moja lingemfanya nini lakini? Hapana, lingeweza kumdhuru. Ila lile neno mzigo halikuwa la potasiamu, mwanangu, lile lilikuwa langu.

Sasa unataka ndiyo au hapana, na ulimi unaniwasha kusema ndiyo. Ila siku 7 ni chache, halafu seli zenyewe za nani, aliulizwa? Mbona damu za watu tunapokea. Basi usinibane, bado sijasema. Figo sio chujio, hilo nimesema. Ukiwapata hao wataalamu waulizie kitu kimoja, mtu akishawekewa hicho kifaa chao, dafu anaruhusiwa? Dafu zima, sio funda.

Mama yako