Kwa nini kidari chako kilikuwa kigumu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili, na mara zote nimecheka kwanza, huruma ikafuata. Unasema umenunua kidari cha ng'ombe kilo 2, ukakichemsha saa 2 na nusu kikitokota kwa nguvu, wageni wakaishia kutafuna raba. Sasa unaniuliza: "Mama, nilikipika mno au sikukipika vya kutosha?"

Hukukipika vya kutosha. Najua unaona ajabu, maana saa 2 na nusu zingeivisha mnofu mwingine wowote. Lakini ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa wa kati ya bega na kifua, kama sisi. Uzito wa mbele wote umening'inia kwenye misuli ya kifua, tangu anazaliwa. Ndiyo maana nyama hiyo imejaa kolajeni, ile tando nyeupe unayoiona ukiikata mbichi. Kolajeni huanza kugeuka gelatini, yaani ute laini, nyama ikishafika nyuzijoto 70 hivi kwa ndani, tena polepole, na kidari kinalegea kabisa kikiwa kati ya 90 na 95. Shida ni kwamba kabla ya hapo nyuzi za nyama zenyewe zimeshajikunja na kukamua maji yake. Kwa hiyo kuna kipindi cha katikati ambapo nyama imeiva, haina ubichi wowote, na ni ngumu kuliko wakati mwingine wote. Wewe ulipakua katika kipindi hicho hicho.

Na ule moto mkubwa haukukusaidia. Maji yakishachemka yamechemka. Ukiongeza moto unamaliza gesi na kukausha sufuria, basi.

Safari ijayo anza usiku wa kuamkia siku ya kupika. Punguza mafuta ya juu yabaki unene wa nusu sentimita, usiyaondoe yote. Kwa kilo 2 vinatosha vijiko 4 vya chai vya chumvi laini, paka kila upande, weka kwenye friji bila kufunika. Ndimu na siki usihangaike nazo, haziingii ndani kwa usiku mmoja.

Kabla hujapika, angalia mistari ya nyama ikiwa bado mbichi. Inaonekana wazi, kama nywele zilizochanwa. Kata kipembe kidogo cha pembeni kwa kukatisha mistari hiyo. Nyama ikishaiva na kuwa nyeusi hutaiona tena mistari hiyo, na kipembe hicho ndicho kitakuonyesha kisu kipite wapi.

Kausha nyama kwa kitambaa, ikaange kwenye sufuria zito mpaka iwe kahawia kweli, dakika 5 au 6 kila upande, bila kuigeuzageuza. Itoe. Humo humo kaanga vitunguu, saumu na nyanya, ukikwangua kile kilichoganda chini. Rudisha nyama, mafuta yakiwa juu, tia maji yafike nusu ya kimo chake, yasiifunike. Mfuniko ubane. Oveni nyuzijoto 150, au jikoni moto wa chini kabisa, viputo viwe vinapanda kimoja kimoja.

Kisha ondoka hapo. Baada ya saa 3 chomeka uma sehemu nene na uuzungushe. Ukiuchomoa na nyama ikanyanyuka nao, rudisha mfuniko na usubiri nusu saa nyingine. Ukizunguka bila kukwama, tayari. Kilo 2 mara nyingi huchukua saa 3 mpaka 4, lakini viko vidari vikaidi, na uma ndio wa kusikilizwa, si saa. Kila mara napenda kukipika siku moja kabla: kikilala frijini ndani ya mchuzi wake, asubuhi mafuta yameganda juu unayabandua kama karatasi, na mchuzi chini unatikisika. Huo mtikisiko ndiyo ile kolajeni yako. Kikiwa baridi kinakatika vizuri, halafu unapasha vipande kwenye mchuzi taratibu.

Kukata ndiko kulikoniaibisha mimi. Kidari changu cha kwanza nilimpikia babu yako, kikaiva vizuri sana, nikakikata kwa kufuata nyuzi. Mzee wa watu akawa anavuta kamba mdomoni, kimya, kwa heshima. Kata kwa kukatisha nyuzi, vipande vyembamba kama penseli. Na kumbuka kidari ni misuli miwili iliyolaliana, bapa na nene, na nyuzi zake haziendi upande mmoja. Ukifika kwenye ule mnene, geuza nyama.

Presha kuka? Inafaa, ndani yake joto hufika karibu 120. Kata mapande ya ukubwa wa ngumi, saa 1 na robo, uache presha ishuke yenyewe. Utapata nyama laini ya mchuzi, ila vile vipande vya kupanga kwenye sahani usahau.

Jambo la mwisho, wahesabu wageni vizuri: theluthi nzima ya uzito hupotea, pengine zaidi. Kilo 2 zako zilikuwa za watu 6, si 10.

Ukipika tena nipigie picha ya kipande kimoja kilichokatwa, siyo ya meza nzima. Nataka kuona nyuzi.

Mama yako