Kwa aliyeuliza kwa nini mashabiki wa SVU tunalalamika kila Ijumaa

Mkuu umeuliza kama episodi mpya za Law & Order: SVU, tamthilia ya Kimarekani ya polisi wanaopeleleza kesi za ubakaji na ukatili wa kingono, zinatukera kiasi hiki mbona hatuachi tu kuangalia. Wengi wamekujibu eti ni mambo ya Benson na Stabler, wale wapelelezi wawili wakuu, yaani tunataka wapigane busu basi yaishe. Hapana aisee, jibu hilo ni la juu juu mno. Ngoja nikuelezee mimi ninayeifuata tangu niko sekondari na ambaye kila Ijumaa asubuhi niko kwenye magrupu ya mashabiki tunabishana mpaka bando linakata.

Ijumaa kwa sababu kule Marekani kwenye televisheni ya NBC inaruka Alhamisi saa tatu usiku kwa saa za New York, huku kwetu ni saa kumi alfajiri, na wao wakirudisha saa zao nyuma kipindi cha baridi inakuwa saa kumi na moja. Ukiamka ukawasha data tu ushajua nani kafa nani kaolewa, na kelele zimeshaanza zamani.

Sasa chanzo cha kelele. Stabler (Christopher Meloni) na Benson (Mariska Hargitay) walikuwa pamoja tangu episodi ya kwanza kabisa, Septemba 1999. Misimu 12 gari moja, kesi moja. Mei 2011 binti mdogo akaingia na bunduki mle mle ofisini kulipiza kisasi cha mama yake, Stabler akampiga risasi, msimu ukaishia hapo. Msimu wa 13 unaanza Stabler hayupo, Benson anaambiwa tu na bosi wao Cragen kwamba jamaa kaacha kazi. Meloni na wenye tamthilia hawakuelewana kwenye mkataba, hayo ni yao, lakini kwa Benson na kwa sisi tuliokuwa tunaangalia ilikuwa mtu wako wa miaka 12 kaondoka bila hata kukupigia simu. Miaka kumi kimya. Katikati hapo Benson akatekwa na mbakaji mmoja, William Lewis, akateswa, akafika mahakamani, akapanda cheo mpaka kuwa kapteni, akalea mtoto, yote hayo Stabler hayupo.

Alirudi tarehe 1 Aprili 2021, bomu la gari likamuua mkewe Kathy, tamthilia yake mwenyewe ya Organized Crime ikaanza siku hiyo hiyo. Akampa Benson barua, na baadaye tukaja kujua kumbe sehemu kubwa aliiandika Kathy, Stabler kachomekea mstari mmoja tu unaosema kwenye ulimwengu mwingine wangekuwa pamoja daima. Halafu Januari 2023 jikoni kwa Benson wakafika pua kwa pua, Benson akarudi nyuma, anataka ila hawezi. Siku ile magrupu yaliwaka moto! Watu walisema wamechezewa, wengine wakaapa hawaangalii tena. Mimi kipande kile nakipenda kuliko vyote vya miaka ya karibuni, maana mwanamke aliyepitia yale kwa Lewis, na mtu aliyemtegemea hayupo, hawezi kumwangukia mtu kifuani kwa sababu tu watazamaji wamesubiri sana. Uso wa Hargitay pale unaeleza miaka kumi yote.

Kinachokera ni baada ya pale. Badala ya kuwakalisha hawa watu wawili waongee, wakaanza kuwasilianisha kwa mkufu. Mei 2023 Stabler akampa Benson kidani cha dira, mwaka uliofuata Benson akakivua shingoni akampa mama wa Maddie Flynn, yule binti aliyemwona ndani ya gari na mtekaji wake akapitiliza. Mashabiki wakachachamaa, amegawaje zawadi ya Stabler! Hapo nawatetea waandishi kwa nguvu zote, mama ambaye mwanae katekwa anahitaji kitu cha kushika mkononi kuliko shabiki yeyote. Ila sasa kidani hakiwezi kubeba mazungumzo ya miaka 12. Mkuu tunachodai ni maongezi, mtu aseme kwa nini hakupiga simu, mwenzie amsikilize, hata wakiachana hapo hapo mimi nitaridhika.

Na hili la kusikiliza ndilo kubwa kwangu, wala si la mapenzi. Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kituo cha polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Askari wa kwanza alimuuliza mbele ya watu alikuwa amevaa nini. Tukasogea dawati la jinsia na watoto, yule mama askari akafunga mlango, akampa kiti, akakaa kimya mpaka ndugu yangu alipoanza kuongea mwenyewe. Tofauti ya vyumba viwili ndani ya jengo moja! Tangu siku ile naangalia SVU kwa jicho jingine kabisa. Nikiona Benson anavuta kiti anakaa chini kidogo ya macho ya aliyeumizwa, ananyamaza, najua waandishi wamefanya kazi yao. Hargitay mwenyewe barua za waathirika ndizo zilimsukuma kuanzisha Joyful Heart Foundation mwaka 2004, taasisi inayokomaa na vifurushi vya ushahidi wa ubakaji vilivyoachwa kwa polisi huko Marekani bila kupimwa maabara. Watu hawaandikii barua tamthilia ya kawaida.

Sasa chukua episodi yenye dakika arobaini na kitu. Ukiweka ndani yake kufukuzana na magari, kesi iliyoanzia tamthilia nyingine, na maafisa wawili wanaogombana, yule aliyeumizwa anapata dakika ngapi? Kuna Ijumaa namaliza kuangalia nakumbuka bunduki tu, jina la binti silikumbuki. Hapo ndipo mimi nalalamika, na kwenye magrupu siko peke yangu ingawa wa Benson na Stabler wana sauti kubwa zaidi.

La Rollins, mpelelezi mwenzao Benson, nalipitia haraka. Kelli Giddish anayemwigiza alitolewa Desemba 2022, wakamwozesha kwa Carisi, yule mwendesha mashtaka, kwenye episodi yake ya mwisho, mashabiki walilia na kuwarukia waandishi mitandaoni, na msimu wa 27 amerudi kuwa mhusika wa kudumu. Kwa hiyo anayesema kulalamika ni kupoteza bando, mimi simwelewi. Msimu huo huo ulifunguliwa Septemba 2025 na msiba wa Cragen, na Stabler akaja. Kumwona Benson na Stabler kwenye msiba wa bosi aliyewalea wote wawili kulinigusa sana, na ndiyo maana siachi, kwa sababu wakitaka wanaweza.

Wewe usianzie msimu wa 27 mkuu, utaona watu wanalia hujui wanamlilia nani. Tafuta episodi ya mwisho ya msimu wa 12 uiunganishe na ya kwanza ya msimu wa 13 usiku huo huo, kisha ruka mpaka Aprili 2021, halafu rudi hapa tubishane.