Jibu: Ofcom wamenirudisha, nifanyeje?

Salaam ndugu. Umelalamika Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, kwamba habari za BBC zimeegemea chama kimoja, wakakurudisha. Ni kawaida: tangu Aprili 2017 wao ndio wasimamizi wa nje wa BBC, lakini lalamiko huanzia BBC kwenyewe.

Angalia kwanza tarehe ya kipindi, maana una siku 30 za kazi tu. Mimi huandika saa, dakika na sentensi yenyewe, pamoja na nani hakupewa nafasi ya kujibu. Ukisema tu "mnapendelea", tegemea jibu la jumla. Usiporidhika, waandikie tena, kisha panda kwa kitengo chao cha juu cha malalamiko. Ukishamaliza hapo ndipo urudi Ofcom.

Sijui ulisikiliza kipi; kama ni Idhaa ya Kiswahili, Ofcom hawaisimamii. Lalamiko litaishia BBC.