Nihamie Gentoo au nibaki na Mint?

SWALI: Natumia Linux Mint kwenye laptop yenye Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8 na SSD ya GB 256. Naambiwa Gentoo, ambayo programu zake unazikompaili (unazijenga kutoka msimbo chanzo) mwenyewe, huifanya mashine iwe nyepesi sana. Laptop hii ndiyo ninayofanyia kazi za chuo, na intaneti ni bando la simu. Nihamie? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kama unachotafuta ni kasi, usihame. Ni kweli chaguo la `-march=native` huiruhusu kompaila (programu inayojenga programu nyingine) kutumia maagizo yote ya prosesa yako, lakini programu ambazo zingefaidika zaidi, kama za kubana video, huitambua prosesa zenyewe zinapoanza, hata ukiwa Mint. Kivinjari nacho muda mwingi kinasubiri mtandao, na tabo zake zitakula RAM ileile. Jaribu kwanza kubadili mazingira ya eneo-kazi, kutoka Cinnamon kwenda Xfce iliyo nyepesi.

Uzuri wa Gentoo uko kwingine: swichi za USE, zinazochagua programu zijengwe na uwezo gani. Ukiandika `USE="-bluetooth -cups"` ndani ya `/etc/portage/make.conf`, programu hujengwa bila bluetooth wala uchapishaji, na vitegemezi vyake (programu nyingine zinazohitajika kwa kazi hizo) haviingii kabisa. Anayetaka kujua mfumo wake umeungwaje, au kutia viraka vyake mwenyewe, hapo atafurahi kwelikweli.

Gharama yake ni muda na bando. Kukompaili vifurushi vikubwa kama LLVM, Rust na webkit-gtk ni saa nyingi kwa mashine yako. Chromium inaweza kumaliza siku nzima, na msimbo chanzo wake peke yake unazidi GB 1. Tangu Desemba 2023 Gentoo inatoa pia programu zilizokwisha kukompailiwa kwa mashine za amd64 na arm64, unazichukua kwa `emerge --getbinpkg`. Angalizo: swichi zako zikitofautiana na walizotumia wao, Portage (kisimamizi cha programu cha Gentoo) itakompaili upya hapohapo kwako. Kwa programu kubwa, chukua matoleo yaliyokwisha kujengwa: `firefox-bin`, `libreoffice-bin`, `rust-bin` na `gentoo-kernel-bin`. Na usikae miezi bila kusasisha ili kuokoa bando. Vitegemezi vitagongana na kuvitatua ni kazi ngumu kuliko kusasisha kila wiki au mbili.

Bado una hamu? Basi usiifute Mint. Hifadhi nakala za kazi zako kwenye diski ya nje, washa laptop kwa USB ya Mint, punguza patisheni kwa GParted upate GB 60. Rudi Mint, umbiza patisheni mpya kwa ext4, ipachike `/mnt/gentoo`, kisha fungua stage3 (kifurushi cha mfumo wa msingi wa Gentoo) humo:

`tar xpf stage3-*.tar.xz --xattrs-include='*.*' --numeric-owner -C /mnt/gentoo`

Ifungue kama root, na usiache `p` wala `--numeric-owner`, la sivyo ruhusa na umiliki wa mafaili vitavurugika na makosa yatajitokeza baadaye mahali usipotarajia. Pachika `/proc`, `/sys` na `/dev`, ingia ndani ya Gentoo kwa amri ya `chroot`, ukompaili huku unaendelea na kazi zako kwenye Mint. GRUB (programu inayowasha mfumo) iache ileile ya Mint.

SWALI: Kukompaili kunakatika na ujumbe “Killed signal terminated program cc1plus”. Diski imeharibika?

JIBU: Hapana, RAM imeisha na keneli imeiua kompaila. Hesabu GB 2 za RAM kwa kila kazi inayokwenda kwa wakati mmoja: mwenye GB 8 aweke `MAKEOPTS="-j4"`, hata kama amri ya `nproc`, inayohesabu nyuzi za prosesa, inasema 8. Programu moja ikiendelea kusumbua, andika `MAKEOPTS="-j2"` kwenye `/etc/portage/env/polepole.conf`, kisha kwenye `/etc/portage/package.env` ongeza mstari `net-libs/webkit-gtk polepole.conf`. Swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 8 husaidia pia. Kama `/var/tmp/portage` (folda ya kukompailia) umeiweka kwenye tmpfs (hifadhi iliyo ndani ya RAM), iondoe huko, maana inakula RAM hiyohiyo. Baada ya hapo, `emerge --resume` itaendelea na orodha ilipoishia, ila programu iliyokatika itaanza upya tangu mwanzo.