Mbegu za msonobari hazioti Tabora

Dada, hizo mbegu za msonobari mweusi wa Japani ulizosema hazioti huenda hazijafa, zinasubiri baridi tu, na baridi yenyewe Tabora utaipata kwenye friji. Zilizobaki loweka siku nzima, chukua zilizozama, changanya na mchanga wenye unyevu kidogo kwenye kopo la mfuniko, weka chini kabisa ya friji (friza hapana!) wiki 4 hadi 8 ndo upande. Ila cha kuogopa zaidi ni kinyausi aisee, ule ugonjwa wa kuoza miche, mche unaota vizuri kesho unaukuta umelala shina limeoza pale chini, kwahiyo samadi usitie kabisa, tumia mchanga wa mtoni wa chengachenga uliooshwa, maji kiasi asubuhi, na jua la mchana kinga. Waya za kupinda shina ili uwe bonsai (mti unaofugwa mdogo kwenye chungu) bado sana, acha mche ukue kwanza.